Saa Kumi na Moja Jioni: Tathmini ya Programu ya Mazoezi na Lishe kwa Wanaopona Uraibu

Programu ninayoitathmini huchukua wiki 12, nayo imeundwa kwa ajili ya watu walioacha pombe, dawa za kulevya au tumbaku na wanaotaka kuurudishia mwili nguvu zilizopotea. Ina vipindi vitatu vya mazoezi kwa wiki vinavyoongozwa na mwalimu, miadi minne na mtaalamu wa lishe, darasa la upishi kila baada ya wiki mbili, na kikundi kidogo cha washiriki wanaopigiana simu katika siku ambazo hakuna kipindi. Jina la kituo kinachoitoa nimeliacha kwa makusudi, kwa sababu anayeonekana mlangoni pake hujulikana papo hapo kuwa ni mtu anayepona, na wenzangu wa darasani hawakunipa ruhusa ya kuwatangaza. Mimi nilijiunga siku ya 74 tangu pombe yangu ya mwisho, nikiwa na kitambi cha mnywaji, miguu myembamba isiyoweza kupanda ngazi bila kupumzika, na imani kwamba ninalipia mwili mpya. Imani hiyo ilikuwa na kosa, nami nitalifikia.

Nianze na usajili, kwa kuwa uzembe wa hatua hiyo unaweza kumgharimu mtu maisha, na hapa haukuwapo. Kabla mtu hajaruhusiwa kuinua kitu chochote, muuguzi humuuliza ameacha nini, ameacha lini na anatumia dawa gani kwa sasa. Humpima shinikizo la damu na mapigo ya moyo. Kisha humtaka alete barua ya daktari anayemhudumia. Mwenzetu mmoja aliyefika akiwa na siku mbili tu bila pombe alielekezwa hospitali siku hiyohiyo, naye aliondoka amenuna. Hata hivyo muuguzi alikuwa sahihi. Kwa mtu aliyekunywa kwa miaka mingi akaacha ghafla, degedege huweza kumpata hasa kati ya saa ya 6 na ya 48, na hali ya kuweweseka inayoweza kuua hujitokeza mara nyingi kati ya saa ya 48 na ya 96, wakati ambapo moyo tayari unakwenda mbio na shinikizo limepanda bila hata kukimbia. Mazoezi hayana nafasi katika siku hizo. Waliokuwa kwenye methadoni, dawa ya hospitali wanayopewa walioacha heroini, waliombwa majibu ya kipimo cha umeme wa moyo, kwa sababu dawa hiyo huweza kuvuruga mapigo kwa baadhi ya watumiaji, na waliowahi kutumia kokeini au methamfetamini waliulizwa kwa kina kuhusu maumivu ya kifua na historia ya kuzimia. Nimewahi kujiunga na kumbi mbili za kawaida za mazoezi, na huko swali pekee nililoulizwa lilikuwa nataka kupunguza kilo ngapi.

Dosari niliyoiona kwenye usajili ni ya lugha. Fomu zote zinatuita “wateja”. Ni neno la heshima katika biashara yoyote ile, ila kwa mtu aliyeitwa teja mtaani kwa miaka kumi, silabi moja iliyoongezwa mbele haitoshi kumtuliza. Tulilisema hilo kwa mzaha siku ya kwanza, tukalisema kwa uzito wiki ya nne, na fomu za wiki ya 12 zilikuwa bado vilevile.

Miadi ya lishe ndiyo sehemu ninayoithamini kuliko zote, na laiti ingekuwa minane badala ya minne. Mtaalamu wetu hakuanza na orodha ya vyakula vilivyokatazwa. Alianza kwa kunieleza nilichokuwa nimeufanyia mwili wangu, kwa hesabu niliyoielewa: gramu moja ya wanga hutoa takriban kilokalori 4, ya mafuta 9, na ya pombe 7. Kwa hiyo mnywaji anaweza kuupa mwili nishati ya kutosha siku nzima, akajiona ameshiba na hata akanenepa, huku vitamini na madini yakiwa yamemwishia kabisa. Upungufu aliousisitiza zaidi ni wa thiamini, yaani vitamini B1. Akiba yake mwilini hudumu kwa wiki chache tu, pombe huzuia utumbo kuifyonza, na ikikosekana kwa kiwango kikubwa ubongo huharibika kwa namna ambayo daktari Mjerumani Carl Wernicke aliieleza tangu mwaka 1881: macho kutotulia, mwendo wa kuyumba na akili kuchanganyikiwa. Nilikuwa nimeandikiwa vidonge vya B1 nilipoacha pombe, nami nilikuwa nimeviacha baada ya wiki moja kwa kuwa sikuona tofauti. Alinirudisha kwa daktari wangu kuhusu jambo hilo kabla ya kuzungumzia sahani.

Kisha alinipa daftari. Kwa siku 14 nilitakiwa kuandika saa ya kila mlo, na katika ukurasa wa pili, saa ambayo kiu ya pombe ilinijia na ukali wake.

“Kaka, hiyo kiu unayonieleza,” aliniuliza tulipokutana tena, “huwa inakukuta umekula?”

Nilimjibu kwamba sikuwahi kufikiri kuna uhusiano. Tuliyafungua madaftari pamoja, na jambo lilikuwa wazi kiasi cha kunitia aibu: karibu kila kiu kali iliangukia kati ya saa kumi na moja jioni na saa mbili usiku, na kali kuliko zote zilikuwa za siku nilizoruka chakula cha mchana. Vikundi vya kusaidiana vya wanaopona vimekuwa vikiwaonya wanachama wao kwa miaka mingi wajihadhari na hali nne, yaani njaa, hasira, upweke na uchovu, nami nilikuwa nimezisikia hizo nne zikitajwa katika mikutano zaidi ya mara hamsini. Nilidhani njaa imewekwa kwenye orodha hiyo ili kuikamilisha. Baada ya miaka ya kunywa sikuwa tena na uwezo wa kuitambua njaa yangu mwenyewe. Tumbo lilipodai chakula, kichwa kilisikia pombe. Dawa yake haikuwa ya kitaalamu hata kidogo: kula kitu kila baada ya saa tatu au nne, kila mlo uwe na protini na nafaka isiyokobolewa, na mlo mdogo wa saa kumi jioni usikosekane hata kama sina hamu.

Kuhusu sukari, kituo hiki kinajipinga chenyewe, na mshiriki mpya atachanganyikiwa. Kijitabu tulichopewa kinaagiza sukari yote iachwe kuanzia siku ya kwanza. Mtaalamu wa lishe, kwa mdomo wake, aliniambia nikipuuze kijitabu hicho kwa miezi michache, kwa kuwa hamu kubwa ya vitu vitamu ni ya kawaida kwa walioacha pombe na kwa walio kwenye methadoni, na peremende iliyoliwa saa mbili usiku si janga ikilinganishwa na kile inachokizuia. Ushauri huo si mgeni. Alcoholics Anonymous, jumuiya ya kusaidiana ya walioacha pombe iliyoanzia Akron nchini Marekani mwaka 1935, iliweka katika maandishi yake ya mwaka 1939 maoni ya daktari aliyetaka mlevi anayepona awe na chokoleti karibu wakati wote. Nakubaliana na mtaalamu, si na kijitabu. Hata hivyo nilitarajia waliokiandika na wanaofundisha wawe wamekaa meza moja angalau mara moja.

Kwa walioacha heroini, ushauri ulikuwa tofauti na wa kwangu, na hilo ni jambo la kusifiwa. Dawa za jamii ya afyuni hupunguza mwendo wa utumbo, na methadoni huendeleza hali hiyo, kwa hiyo wao walifundishwa kuongeza nyuzinyuzi taratibu pamoja na maji mengi na kutembea kila siku, maana kuongeza nyuzinyuzi bila maji huzidisha kufunga choo. Aliyekuwa ametoka kwenye arosto, yaani mateso ya mwili baada ya kuacha dawa, wiki chache tu zilizopita, ambaye tumbo lake lilikuwa limeendesha kwa siku kadhaa, alipangiwa milo midogo na laini kwanza. Wawili waliokuwa wamekonda kupindukia hawakuruhusiwa kuanza kula kwa wingi bila vipimo vya damu, kwa sababu mwili uliokaa muda mrefu bila chakula ukishushiwa wanga mwingi kwa ghafla, madini ya damu, hasa fosfeti, huweza kushuka hadi moyo ukadhurika. Niliposikia hilo ndipo nilipoacha kuwalaumu wauguzi wa mahali nilipolazwa kwa kunipimia chakula kidogo kidogo.

Darasa la upishi halina mengi ya kusimuliwa. Ni dogo, lina moshi, na mpishi anaongea haraka. Nitalisifia kwa uangalifu mmoja tu: jikoni hapakuwa na ladha ya vanila iliyoyeyushwa katika alkoholi wala mvinyo wa kupikia, na nilipouliza, mpishi alinionyesha kabati lote bila kuona kuwa namtilia shaka.

Sasa mazoezi. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linapendekeza mtu mzima afanye dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, pamoja na mazoezi ya kuimarisha misuli kwa siku 2 au zaidi. Mwalimu wetu alilibandika pendekezo hilo ukutani kisha akatuambia tusilitazame kwa mwezi mzima. Wiki ya kwanza tulitembea dakika 10, tukapumzika, tukatembea tena 10. Wiki ya tatu tukaongeza mikanda ya mpira, kuchuchumaa kwa kushikilia kiti, na pushapu za ukutani. Wengine walinung’unika kwamba wamelipa ada ili wafundishwe kutembea, lakini mimi niliyekuwa nikishindwa ngazi nilielewa. Unywaji wa miaka mingi hudhoofisha misuli ya mapaja na mabega na huweza kudhoofisha moyo wenyewe, na mtu wa namna hiyo akianza kwa kasi ya ukumbi wa kawaida ataumia au ataona aibu, na kwa vyovyote hatarudi. Nilifikia dakika 150 katika wiki ya nane.

Kipindi chetu kilikuwa saa kumi na moja jioni. Nilikichagua kwa sababu za usafiri, wala sikuwa na hekima yoyote nyuma yake. Hiyo ndiyo saa ambayo kwa miaka 13 nilikuwa nikiketi kunywa, na ndiyo saa ambayo, baada ya kuacha, nilikuwa nazunguka chumbani kama mtu aliyesahau alichokuja kukichukua. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa saa hiyo ilikuwa na mwenyewe: kulikuwa na mwalimu anayeita majina, kulikuwa na watu tisa ambao wangenipigia simu nisipoonekana, na nilipotoka hapo saa kumi na mbili na nusu nilikuwa nimechoka kwa uchovu wa halali na nina njaa inayojulikana kuwa ni njaa. Jumanne na Alhamisi zilibaki kuwa siku ngumu, na ni mwalimu aliyenishauri nitembee peke yangu njia ileile, saa ileile. Hapo ndipo lilipokuwa kosa la imani yangu ya mwanzo. Mwili wangu umebadilika kidogo tu katika wiki 12, na anayelipia misuli atasema ameibiwa; ila ratiba ya siku yangu imejengwa upya kuanzia chakula cha mchana hadi usingizi, na hiyo ndiyo bidhaa halisi ya kituo hiki, ingawa tangazo lao haliitaji popote.

Ni haki niseme pia kwamba mazoezi yanauzwa kwa ahadi kubwa kuliko ushahidi uliopo. Kwa tumbaku, imeonyeshwa mara nyingi kwamba hata matembezi mafupi hupunguza hamu ya sigara kwa muda, nao wavutaji wa darasani walithibitisha jambo hilo kwa vinywa vyao. Kwa uraibu mwingine picha haijanyooka. Utafiti mkubwa wa Marekani uitwao STRIDE, ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2017, uliwagawa watu 302 wenye uraibu wa vichangamshi, kama kokeini na methamfetamini, katika kundi la mazoezi na kundi la elimu ya afya, na katika uchambuzi wake mkuu haikuonekana tofauti ya uhakika kati ya makundi hayo katika siku za kukaa bila dawa hizo. Kwa hiyo mwalimu anapotangaza kwamba jasho huondoa uraibu, huwa namsikiliza kwa adabu tu. Mazoezi yamenisaidia nikiwa naendelea kuhudhuria mikutano, kumwona mshauri na kumeza dawa nilizoandikiwa. Mwenzetu aliyeacha buprenofini, dawa ya matibabu ya uraibu wa heroini, kwa kuamini kwamba kukimbia kunatosha alirudia matumizi wiki ya saba. Kituo kilimpokea tena bila masimango, na hilo nalihesabu kwa upande wa sifa, lakini kauli za kuuza programu zinapaswa kupunguzwa makali.

Jambo jingine la mwalimu lililozua kicheko na baadaye mjadala ni kopo. Wiki ya tano alitangaza kwamba ana unga wa protini kwa bei ya washiriki. Kukawa kimya, kisha jamaa aliyekuwa na miezi mitano tangu aache heroini akasema, “Mwalimu, mimi unga nimeacha.” Tulicheka hadi kipindi kikasimama. Nyuma ya kicheko kulikuwa na hoja: makopo ya aina hiyo, hasa yale ya kunywa kabla ya mazoezi, mara nyingi hubeba kafeini kwa wingi na wakati mwingine vichangamshi visivyoandikwa kwenye lebo, na mtu aliyeacha methamfetamini hana sababu ya kuukaribia msisimko ule wa mwili kwa jina jipya. Mtaalamu wa lishe aliposikia, kopo liliondolewa. Mayai, maharage na maziwa yalitutosha.

Makosa ninayoyaona kuwa mazito ni manne, nayo yanatokana na chanzo kimoja: kila mara kituo kilipochoka kufikiri, kiliazima desturi za kumbi za kawaida.

La kwanza ni mizani. Tulipimwa uzito kila Jumatatu mbele ya wenzetu na namba ikaandikwa ubaoni. Anayeacha sigara huongezeka kwa wastani wa kilo 4 hadi 5 katika mwaka wa kwanza, aliyeacha heroini au kokeini mara nyingi anahitaji kuongezeka, na mimi wa pombe huenda nikapungua bila juhudi yoyote. Namba tatu zenye maana tatu, zote zikipigiwa makofi zinaposhuka. Dada mmoja aliyewahi kuishi na tatizo la kujitapisha baada ya kula aliacha kuja wiki ya tatu. Alirudi baada ya kuhakikishiwa kwamba hatapimwa, lakini ubao ulibaki palepale.

La pili ni shindano la wiki ya sita, ambapo tulihimizwa kufunga kula kwa saa 16 kila siku. Sijui ni nani aliyeliidhinisha, maana linabomoa kila kitu ambacho daftari la lishe lilikuwa limejenga. Ini lililochoshwa na pombe huweka akiba ndogo ya sukari, na mtu wa namna hiyo akikaa saa nyingi bila chakula sukari ya damu yake huweza kushuka. Nilishiriki siku mbili. Siku ya pili, saa kumi na mbili jioni, nilijikuta nimesimama mahali ambapo sikuwa nimesimama kwa miezi minne, nikaondoka bila kuingia, nikaenda kula.

La tatu ni ukurasa wa kijitabu unaowaambia wenye matatizo ya ini wapunguze protini. Ushauri huo ni wa zamani. Miongozo ya sasa ya Ulaya kwa wagonjwa wenye makovu ya ini inataka gramu 1.2 hadi 1.5 za protini kwa kila kilo ya uzito kwa siku, pamoja na mlo mdogo kabla ya kulala, kwa sababu wagonjwa hao hupoteza misuli haraka. Ukurasa huo uchanwe.

La nne ni majeraha, nalo ndilo linaloniudhi zaidi. Jamaa yetu mwenye bidii kuliko wote alianza kufanya mazoezi mara mbili kwa siku, akaona fahari, akasifiwa, akapigwa picha. Hakuna aliyemuuliza kwa nini hawezi kupumzika, ingawa kila mmoja wetu chumbani humo aliijua ile hali ya kutoweza kuacha. Kifundo cha mguu kilipouma, aliendelea. Kilipovimba, alikwenda zahanati iliyo karibu, na kwa kuwa hakueleza historia yake, alitoka na vidonge vya kutuliza maumivu vya jamii ileile ya afyuni aliyoiacha. Alitupigia simu usiku huo, na wawili wetu tukaenda tukakaa naye hadi asubuhi alipovirudisha kwa daktari wake. Programu ya watu wanaopona inapaswa kuwa na karatasi moja iliyo tayari, inayosema mshiriki akiumia aende kwa nani na amweleze nini, na inapaswa kuwa na mwalimu anayetambua kwamba kukataa siku ya mapumziko ni dalili ya kuulizwa. Kituo hiki hakikuwa na hata kimoja.

Kwa nani, basi, naipendekeza? Kwa aliyepita siku za hatari za mwanzo, aliye chini ya uangalizi wa daktari, na ambaye jioni zake zinamtisha. Aliye na historia ya matatizo ya ulaji aombe kwa maandishi kutopimwa uzito kabla ya kulipa. Anayetafuta umbo atafute kwingine. Miadi ya lishe itumieni hadi tone la mwisho, ulizeni kila kitu, na mkienda chukueni daftari lenu, maana lile la kituo huchanika.

Nimejiandikisha kwa awamu ya pili. Nimechagua kipindi kilekile cha saa kumi na moja, nimelipa nyongeza kwa ajili ya miadi miwili zaidi ya lishe, na kwenye fomu, mbele ya neno “mteja”, nimeandika kwa kalamu jina langu la kwanza na maneno “mizani, hapana”. Muuguzi aliisoma, akaigonga muhuri, akanielekeza nikapimwe shinikizo la damu.